Kutoka viwanja vya Dar hadi orodha ya WTA: mwongozo kamili kwa binti anayetaka kuishi kwa tenisi

Nimefundisha tenisi mabinti wa jiji hili kwa miaka mingi, na mzazi akiniuliza ni kitu gani kinawakwamisha, jibu langu huwa neno moja: mechi. Msichana wa miaka 13 wa Ufaransa au Hispania anaweza kucheza mechi za ushindani kila wikiendi na jioni akarudi kulala kwao. Wa kwetu anamaliza muhula mzima akikabiliana na wenzake wale wale wanne; analijua pigo la bakihendi (la upande wa nyuma ya mkono) la kila mmoja wao kama njia ya kwenda shule. Siku akikutana na mgeni Nairobi anafungwa 6-1, 6-1, na nyumbani watu wanasema hana kipaji. Kipaji anacho. Hajawahi kucheza na mtu asiyemfahamu.

Kwa hiyo katika kila hatua nitakayoeleza hapa, kuanzia raketi ya kwanza hadi pointi ya kwanza ya WTA, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanawake duniani, mzazi ajiulize: pesa hii na muda huu vinamwongezea binti yangu mechi, au vinampunguzia?

Kwanza, jua urefu wa safari

Mpaka leo hakuna mwanamke wa Tanzania aliyewahi kuingia 100 bora duniani. Tukitafuta mfano Afrika, tumtazame Ons Jabeur wa Tunisia. Alishika raketi akiwa na miaka 3. Akiwa bado mtoto alihama Sousse kwenda shule ya michezo jijini Tunis. Mwaka 2011, akiwa na miaka 16, alichukua ubingwa wa wasichana wa French Open. Taji lake la kwanza la WTA alilipata Birmingham mwaka 2021. Hesabu mwenyewe: kutoka ubingwa wa wasichana hadi taji la kwanza la wakubwa, miaka 10. Mwaka uliofuata alifika fainali ya Wimbledon na ya US Open, akawa namba 2 duniani.

Jirani zetu Kenya wana Angella Okutoyi, aliyelelewa na bibi yake katika kituo cha watoto Nairobi. Mwaka 2022 alishinda Wimbledon ya wasichana kwa wawili wawili, akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Mwaka 2024 alitwaa dhahabu ya Michezo ya Afrika jijini Accra. Huyu anazungumza Kiswahili kama sisi na amekulia joto na vumbi tunalolijua. Mabinti ninaowafundisha nawaonyesha mechi zake kabla ya za mtu mwingine yeyote.

Miaka 5 hadi 10: mipira mikubwa, uwanja mdogo

Kosa ninaloliona kila mwaka ni mtoto wa miaka 6 kupewa raketi ya baba yake na mpira wa njano. Mpira unaruka juu ya kichwa chake, anaupiga akiwa ameinua kiwiko, na kiwiko hicho utakuja kuhangaika nacho miaka 5. Shirikisho la Tenisi Duniani, ITF, lina utaratibu wa rangi. Mpira mwekundu una kasi ndogo kwa asilimia 75 kuliko wa kawaida na huchezewa kwenye uwanja wa mita 11. Wa rangi ya chungwa ni asilimia 50, uwanja wa mita 18. Wa kijani ni asilimia 25, uwanja mzima. Tangu 2012 mashindano ya watoto wa miaka 10 kushuka chini hayaruhusiwi kutumia mpira wa njano wa kawaida.

Huhitaji uwanja wa klabu kwa hatua hii. Ua wa shule wenye sementi, chaki ya kuchora mistari na kamba iliyofungwa kati ya viti viwili vinatosha. Raketi ya inchi 21 au 23 inamtosha mtoto. Ya mtu mzima ni inchi 27, na haina haraka. Muhimu zaidi, mwache acheze mpira wa miguu, rede na kuruka kamba. Rede hasa. Msichana aliyecheza rede mtaani ana miguu inayojua kukwepa na jicho linaloufuata mpira, na huwa namtambua siku ya kwanza kabla hajaniambia.

Kucheza Dar: jua, unyevu na saa

Ukishuka Posta, Gymkhana unafika kwa miguu, na ndiko kwenye viwanja vya tenisi vinavyojulikana zaidi jijini. Ni klabu ya wanachama, kwa hiyo usiende na begi ukitegemea utaingia tu. Nenda ofisini, ulizia programu ya watoto, siku za kocha na gharama ya asiye mwanachama. Baadhi ya hoteli na shule za kimataifa pia zina viwanja. Zungumza na makocha. Wengi wetu tulianza kwa kuokota mipira viwanjani hapo hapo, tunajua uwanja upi unakuwa wazi saa ngapi na nani wa kumwomba.

Ratiba ya siku ya shule ni ngumu. Masomo yanaisha mchana, kuna daladala au mwendokasi, na jua linazama saa 12 na kitu. Dirisha lenu ni kuanzia saa 10 na nusu hadi giza. Litumieni kwa mpira tu. Kukimbia na mazoezi ya nguvu yafanyike nyumbani. Jumamosi njooni saa 12 asubuhi. Saa hiyo sementi bado ina umande, mpira umekunywa unyevu na ni mzito mkononi, na sauti yake kwenye nyuzi inakuwa ya kufa, kama mtu anapiga godoro. Nina binti mmoja kutoka Temeke ambaye kila baada ya gemu mbili hufuta mpini wa raketi kwa kipande cha kanga kuukuu alichokichana mwenyewe. Taulo za dukani, anasema, zinateleza. Yuko sahihi. Kanga ya pamba inanyonya jasho kuliko taulo jipya.

Kati ya Desemba na Machi, usimchezeshe mtoto saa 6 mchana kwa kisingizio cha kumkomaza. Maji anywe kabla hajasikia kiu, na kwenye mechi ndefu aongeze chumvi na sukari kidogo. Maji ya dafu nayo yanafaa. Masika kukinyesha, pelekeni miguu kwenye mchanga wa Coco Beach maji yakitoka. Mwezi wa Ramadhani, anayefunga ahamishe mazoezi mepesi karibu na magharibi, na mashindano asiyawekee matarajio ya kawaida.

Kuhusu vifaa niseme machache. Viatu viwe vya tenisi, kwa sababu vya kukimbilia vinaweza kuteguza vifundo vya miguu kwenye miendo ya pembeni. Nyuzi zifungwe upya kwa mwaka mara nyingi kama idadi ya siku anazocheza kwa wiki, ila akishaanza mashindano ya nje utalazimika kuzidisha hesabu hiyo mara mbili au tatu. Raketi mbili zinazofanana ni bora kuliko moja ya bei kubwa.

Miaka 10 hadi 13: tafuta mechi popote

Hapa ndipo ninapoomba mzazi asikilize zaidi.

Mechi ya kweli ina hesabu inayoandikwa, mtu wa upande wa pili anayetaka kushinda, na matokeo yanayouma. Mazoezi hayatoi hayo. Lengo langu kwa binti wa umri huu ni mechi mbili kwa wiki, mwaka mzima. Zitapatikana vipi katika jiji lenye wasichana wachache?

Acheze na wavulana, hasa waliomzidi mwaka au miwili. Acheze na kina mama na wazee wa klabu; mzee wa miaka 60 anayekata mipira na kuinua juu ya kichwa chako anafundisha subira kuliko kocha yeyote. Anza seti kwa 0-3 dhidi ya mchezaji dhaifu, ili huyo naye awe na cha kupigania. Cheza seti ambayo kila pointi ina sevu (pigo la kuanzisha) moja tu, hakuna ya pili. Likizo ya Juni na ya Desemba ziwe za Arusha, Nairobi au popote penye mashindano, hata kama ni kulala kwa ndugu. Basi la Nairobi kupitia Namanga linachosha, lakini mechi nne dhidi ya wageni zinalipa usiku mmoja wa kukosa usingizi.

Weka daftari. Kila mechi iandikwe tarehe, jina la mpinzani, matokeo, makosa ya sevu mara mbili, na sentensi moja ya binti mwenyewe kuhusu alichokiona kwa mpinzani. Sentensi hiyo aiandike yeye, si wewe. Mwanzoni ataandika "alikuwa mzuri". Baada ya miezi 6 utasoma "akipelekwa mbali upande wa kulia anapiga chini ya wavu", na hapo ujue ameanza kucheza tenisi.

Wakati huo huo jitambulisheni kwa Chama cha Tenisi Tanzania, TTA. Timu za taifa za watoto wa chini ya miaka 14 na 16 kwenye mashindano ya kanda huteuliwa na chama cha nchi, na mchezaji asiyejulikana hateuliwi. Nendeni kwenye kila mashindano ya ndani wanayotangaza, hata ukiona droo ya wasichana ina majina matano. ITF na shirikisho la Afrika, CAT, huwatazama wanaofanya vizuri kwenye kanda, na Okutoyi ni mmoja wa waliopita kwenye kituo chao cha mafunzo cha Nairobi.

Miaka 13 hadi 18: mashindano ya vijana ya ITF

Kuanzia miaka 13 binti anaruhusiwa kucheza mashindano ya vijana ya ITF. Ngazi zake ni J30, J60, J100, J200, J300 na J500, na namba hiyo ndiyo pointi anazopata bingwa wa mchezaji mmoja mmoja. Anza na J30 za ukanda wetu. Kujiandikisha kunahitaji namba ya mchezaji iitwayo IPIN, inayofunguliwa kwenye tovuti ya ITF na kulipiwa ada kila mwaka.

Saa za kufunga usajili zimewaumiza wengi. ITF hufunga saa 8 mchana kwa saa za Greenwich, ambayo kwetu ni saa 11 jioni. Na kuna tarehe mbili: ya kujiandikisha, na ya kujitoa bila adhabu. Nilishawahi kuisahau ya pili. Binti aliugua malaria, mimi nikawa hospitalini naye, simu sikuigusa, kesho yake tukawa tumechelewa. Tangu siku hiyo tarehe zote mbili naziandika ukutani kwa kalamu nyekundu, na mzazi naye anaziweka kwenye simu yake.

Pasipoti iwe tayari mapema. Ada yake ni shilingi 150,000, na nchi nyingi zinataka iwe na uhai wa miezi 6 zaidi ya safari. Kenya, Uganda na Rwanda Mtanzania haombi viza, kwa hiyo miaka miwili ya mwanzo jengeni huko. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ikae ndani ya pasipoti. Mtoto anayesafiri bila wazazi abebe barua ya idhini iliyothibitishwa na wakili.

Usifukuzie pointi kwa kukimbia wachezaji wazuri. Kipimo changu ni hiki: katika kila mechi 10 za mashindano, ashinde 5 hadi 7. Akishinda 9, apande ngazi. Akishinda 2, ashuke, hata kama ameshamwaga kwa rafiki zake kwamba anakwenda Morocco.

Njia panda ya kidato cha nne na cha sita

Akifika miaka 17, kuna njia mbili, chuo au kuingia moja kwa moja kwenye mashindano ya kulipwa, na msimamo wangu siufichi: kwa binti wa Dar asiye na mdhamini, njia ya chuo cha Marekani ni bora.

Vyuo vilivyo chini ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, vina timu za wanawake, na vinatoa ufadhili wa masomo kwa wachezaji. Anapata kocha, uwanja, chakula, tabibu wa viungo na, kile tunachokililia huku, mechi tele. Mayar Sherif wa Misri alipita Fresno State na Pepperdine, kisha mwaka 2022 akawa Mmisri wa kwanza mwanamke kushinda taji la WTA. Okutoyi naye alikwenda Auburn.

Makocha wa vyuo wanaangalia mambo matatu: matokeo ya ITF, namba ya WTN au UTR (vipimo vya kiwango cha mchezaji), na video. WTN huanzia 40 kwa anayejifunza na kushuka hadi 1 kwa wakali wa dunia. Video isiwe ya madoido ya muziki. Rekodi seti nzima kutoka nyuma ya uwanja, simu ikiwa juu, wavu wote uonekane. Barua pepe zianze kutumwa akiwa kidato cha tatu. Vyeti vya NECTA vitahitajika, pamoja na mtihani wa Kiingereza, kwa hiyo anayekuambia mtoto wa tenisi hahitaji shule anakuharibia mtoto. Na msikae mwaka mzima nyumbani baada ya kumaliza shule mkiendelea na mashindano. Sheria za NCAA zinaweza kumkata misimu kwa kuchelewa. Pesa za zawadi kabla ya kuingia chuo nazo zina kanuni zake, basi zisomeni kabla ya kupokea hundi.

Pointi ya kwanza ya wakubwa

WTA ilianzishwa mwaka 1973, Billie Jean King akiwa mbele. Umri wa chini wa kucheza mashindano ya kulipwa ni miaka 14, na idadi ya mashindano kwa mwaka ina kikomo hadi afikishe 18, kwa ajili ya kuwalinda wasichana wasichoshwe mapema.

Ngazi ya chini ni mashindano ya wanawake ya ITF: W15, W35, W50, W75 na W100. Juu yake kuna WTA 125, 250, 500, 1000, kisha Grand Slam nne, mashindano makubwa kuliko yote. Kwenye W15 bingwa hupata pointi 15, aliyefungwa fainali 10, nusu fainali 6, robo fainali 3, na anayeshinda raundi moja ya droo kuu hupata 1. Ili jina liingie kwenye orodha, unahitaji pointi kutoka mashindano matatu tofauti, au jumla ya pointi 10. Maana yake, wiki tatu tofauti za kushinda walau mechi moja ya droo kuu zinatosha. Hilo si jambo la ndoto.

Usiende kwa wiki moja. Tafuta sehemu yenye W15 tatu au nne mfululizo mahali pamoja, jambo ambalo ni la kawaida Misri na Tunisia. Tiketi ya ndege ni moja, na ukifungwa Jumatatu unabaki kufanya mazoezi na waliofungwa wenzako. Hao ndio wenza wako wa kucheza wawili wawili wiki inayofuata.

Pesa niiseme wazi. Anayetolewa raundi ya kwanza ya W15 hupata chini ya dola 200, kabla ya kodi. Bingwa hupata dola elfu mbili na kitu. Ndege, hoteli, chakula, nyuzi na kufua nguo vitazidi hapo. Biashara inaanza kulipa karibu na nafasi ya 220, unapoingia mechi za kufuzu za Grand Slam, na inakuwa kazi kamili ukiwa karibu na 100, unapoingia droo kuu moja kwa moja. Mwaka 2025 aliyetolewa raundi ya kwanza Wimbledon aliondoka na pauni 66,000. Kabla ya hapo mdhamini anahitajika. Mpelekee ukurasa mmoja: matokeo, ratiba ya miezi 12, gharama kwa kila safari, na atakachopata yeye. Kampuni zinakataa zikiombwa "msaada". Zikiona hesabu, zinakaa kusikiliza.

Mwili, mavazi na usalama wake

Wengi wanaacha wakiwa na miaka 13 au 14, na sababu huwa hawakuambii. Zungumza naye kuhusu hedhi mapema, abebe vifaa vyake kwenye begi la raketi, na kocha ajue bila aibu. Tangu 2023 hata Wimbledon, penye sheria ya nguo nyeupe, inaruhusu kaptula ya ndani ya rangi nyeusi. WTA inaruhusu taiti bila sketi, kwa hiyo binti anayejisitiri ana nafasi. Hedhi ikikoma miezi mitatu, hiyo si dalili ya kukomaa kimichezo. Mpeleke hospitali, apimwe damu, na aongezewe chakula.

Kocha wa kiume na binti wasifungiwe chumba kimoja, si kwenye mazoezi wala safarini. Anayelalamika kwamba unamdhania vibaya, badilisha kocha.

Na kuhusu uzazi, mabinti wananiuliza sana. Mchezaji akipata mtoto hulindiwa nafasi yake ya ubora, na tangu 2025 WTA ina mfuko unaolipa likizo ya uzazi hadi miezi 12 kwa wanaostahili.

Kubeti

Mtaani kwetu mkeka uko kila kona. Mchezaji aliye chini ya kanuni za tenisi haruhusiwi kubeti tenisi popote duniani, na kanuni hizo zinamgusa pia kocha na ndugu wanaosafiri naye. Kaka akiweka shilingi 1,000 kwenye mechi ya tenisi akiwa ameandamana na dada yake, amemtia matatani. Watu watamtumia ujumbe kumwahidi dola ili apoteze seti. Asijibu, asifute, apige picha ya skrini na kutoa taarifa kwa ITIA, shirika linalolinda uadilifu wa tenisi. Kukaa kimya nako ni kosa.

Orodha ya WTA hutoka upya karibu kila Jumatatu, na pointi hukaa wiki 52 tu. Siku jina lake likitokea na bendera yetu pembeni, piga picha ya skrini, mpelekee bibi yake aione. Kisha angalia kalenda, kwa sababu usajili wa mashindano yanayofuata unafungwa Alhamisi, saa 11 jioni.